Samaki Aliyefumba Mdomo

Apa kwanza. Sema, "Nikitoboa, ulimi unikauke." Haya. Mimi nami niliapa hivyohivyo mbele ya mama mmoja, fundi cherehani, na ulimi wangu mbichi hadi leo. Basi sogea.

Jioni moja fundi alikuwa anamlisha tu samaki wa bintiye. Kisamaki cha kidole kimoja, kwenye tangi la kioo kando ya cherehani. Wifi yake ndiye aliyemleta, wiki kadhaa nyuma.

"Huyu huatamia watoto mdomoni," wifi alisema, yeye ambaye hakujaaliwa mtoto. "Akishafumba, hali kitu mpaka awateme."

Usiku uleule samaki akafumba. Kulipokucha, binti akaamka hana sauti.

Koo zima, homa hana. Daktari alichungulia, akaguna. Mtoto akawa anakonda, anafungua mdomo na kufumba... kama samaki.

Sasa jioni ile chakula kilielea, hakikuguswa. Mashavu ya samaki yalikuwa yametuna. Harufu ya tope ikapanda. Fundi akaweka sikio kwenye kioo.

"Mama... huku giza."

Hakupiga ukunga. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kazi yake ni nguo! Akajitia hamnazo, akawaita wakwe zake wote waje kumwona mgonjwa. Walipojaa sebuleni, akatangaza, "Huyu samaki ananitia kisirani. Leo hii namkaanga."

"We wifi!" Wifi alicheka, macho yako tangini. "Kidagaa hicho utakila na nani?"

"Na wewe, wifi yangu."

Akanyoosha mkono ukutani, akazima taa.

Kiti kikalia, kwii... Kisha maji. Chubwi!

Fundi akawasha taa. Wifi amezamisha mkono tangini mpaka kwenye kiwiko, kidevu kinachuruzika maji. Samaki yumo kiganjani, mdomo wazi.

Mtupu.

"Mwanangu," mama mkwe alinong'ona, "unafanya nini?"

Wote wanamtazama. Mtoto naye, pale mapajani mwa mamake, anamtazama. Wifi akameza kitu, shingo ikacheza. Akafungua mdomo ajitetee.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

"Mama... bado giza."