Tairi Lililojazwa Kitonga

Nyani wa mlima wa Kitonga siku hiyo hawakuomba kitu. Na nyani wa Kitonga, kila apitaye njia ile anawajua, ni ombaomba wasio na haya. Walikaa ukingoni mwa barabara, wakubwa kwa wadogo, wamempa Yunusu mgongo, macho yote bondeni. Aliwatupia kipande cha mkate. Hakuna aliyegeuka.

Ilikuwa Novemba ya mwaka hamsini na sita, mvua zimegoma kunyesha, na Yunusu alikuwa mazoezini. Huyu ndiye yule muuza mikate wa Miyomboni, pale Iringa, mume wa Siwema. Mwembamba kama spoki, ila maneno yake yalijaa debe. Alijiandikisha kwenye mashindano ya baiskeli ya Iringa hadi Mbeya, tena kwa hasira. Bingwa wa Mbeya, Anyitike wa Ilomba, alimwambia sokoni mbele ya watu, "Ninyi watu wa asili ya pwani milima mnaipanda kwa mdomo." Mji ulicheka wiki nzima. Siwema naye alicheka, akajifanya anakohoa, na hicho ndicho kilichomchoma mumewe.

Basi kila Jumapili alfajiri alipakia baiskeli kwenye lori hadi Ruaha Mbuyuni, kule ambako joto hukukaba kabla hujashuka, kisha akaupa mlima uso na kuupanda. Siku hiyo jua lilimwandama tangu kona ya kwanza. Changarawe ziliteleza chini ya matairi, jasho likamwingia machoni, mapaja yakawaka moto, na kila alipodhani kona hii ndiyo ya mwisho, mlima ulimtolea nyingine. Katikati ya mpando tairi la nyuma likalegea, likalala. Alilipapasa lote; hakuna mwiba, hakuna msumari. Akatoa pampu. Ngozi ya ndani ya pampu ilikuwa imekauka kwa joto, inakohoa tu.

"Pole na jua, kaka."

Mwanamke alikuwa amekaa juu ya jiwe, na jiwe lile punde tu kabla yake lilikuwa tupu. Buibui safi, nyayo hazina vumbi, uso hauna hata tone la jasho. Nyenje waliokuwa wakipiga kelele mlima mzima walinyamaza kwa pamoja. Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi yake angejua la kufanya hapo: kusoma alichofundishwa na kutimua mbio. Yunusu naye alijua. Lakini mtu aliyechoka huona anachotaka kuona, na yeye alitaka kumwona msafiri mwenzake.

"Nimeshapoa, dada. Pampu ndiyo imeniumbua."

"Nikupulizie?"

Yunusu akacheka. "Hili tairi, dada, si jiko la kuni."

"Nikupulizie, nisikupulizie? Sema mwenyewe."

"Haya, nipulizie."

Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye valvu, akapuliza mara moja tu. Mashavu yake hayakuvimba. Kilichosogea ni kifua cha Yunusu. Kilibonyea taratibu, kama donge la unga likikandwa, huku tairi likiinuka mpaka likawa gumu kama jiwe. Hewa yote ilinuka karafuu.

Yunusu akapanda baiskeli haraka. Na kwa kuwa alifunzwa adabu, na adabu haingoji mtu afikiri, akasema kama tunavyosema sote, "Ahsante, dada. Ukifika Iringa, karibu nyumbani."

"Ahsante," mwanamke akajibu. "Nimekaribia."

Mlima uliobaki aliupanda kama anateremka. Alilipita lori. Hakuhema, hakutoka jasho. Alifika Miyomboni anaimba, akateremka, akapiga hatua nne kuelekea mlangoni, akaanguka magotini akitafuta pumzi.

Ikawa hivyo. Juu ya baiskeli alikuwa mzima. Chini hakuweza kuvuka ua bila kushika ukuta. Wenye midomo walisema Siwema kampa limbwata likazidi. Tairi halikuongezwa upepo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, mchana, wamejilaza chumbani, baiskeli imeegemea ukuta, Siwema akamgusa bega.

"Yunusu," alinong'ona. "Wewe umelala?"

"Bado."

"Basi nani anakoroma?"

Wakasikiliza. Sauti ilitoka kwenye gurudumu la nyuma, nzito, ya kukwaruza, inapanda, inakwama, inashuka, kama mtu anayepanda mlima usiokwisha, na Yunusu alipojaribu kuibana pumzi yake ili asikie vizuri akagundua hana cha kubana, kwamba kifua chake kilikuwa kinakwenda juu na chini kwa raha zake, polepole, kwa mwendo ambao si wake, na kila kiliposhuka chumba kilinuka karafuu.

Waliitiwa Shehe Zubery, mzee wa kutoa majini, aliyewahi kumtoa mmoja aliyekaa miaka tisa kwenye goti la mwanamke wa Mbalizi. Alikuja na ubani na kitabu, akasimuliwa habari ya mwanamke wa Kitonga. Kabla hajakifungua akauliza, "Mlipoachana ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... karibu nyumbani."

Mzee akakirudisha kitabu mkobani.

"Shehe, ndiyo nini sasa?" Siwema akapandisha sauti.

"Taratibu, mwanangu. Jini aliyevamia namtoa. Mgeni aliyekaribishwa hatoki kwa kisomo changu; utamtoa mdomo uliomwita. Yunusu, mwambie: ondoka nyumbani kwangu. Bila kukatisha."

"Ondoka nyum..." Yunusu alisema. Akajaribu tena. "Ondoka..." Mara ya tatu midomo ilitikisika bure.

Siwema hakuwa mwanamke wa kungoja. "Kama yumo humo, atatoka na upepo!" Akalirukia gurudumu, akafungua valvu. Shehe alipiga kelele asifanye hivyo, lakini upepo ulikuwa umeshaanza kutoka, na haukunuka karafuu, ulinuka hamira na jasho na tumbaku, ulinuka mumewe kama anavyonuka akirudi kutoka tanurini, na nyuma yake Yunusu alikuwa anadidimia kwenye mkeka, kucha zimegeuka rangi ya majivu, macho yamemtoka, mpaka Siwema akakaza valvu tena.

Ndipo mdomo wa Yunusu ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamume.

"Mke mwenzangu, taratibu. Pumzi ya mumeo imo humo. Humu kifuani nimo mimi."

Shehe Zubery aliondoka bila kuaga.

Wakapiga pampu, tairi likajaa, Yunusu hakuongezeka. Kilichotoka kilikuwa kimetoka. Mashindano yakaja, yakapita. Anyitike alishinda, akapita Miyomboni kumcheka mpinzani aliyejificha. "Bwana Mikate! Mdomo umekwi..." Alimwona kwenye mkeka, mkono juu ya tairi. Akavua kofia, akatoka kinyumenyume.

Siwema alilifungua lile gurudumu kwenye baiskeli, akalivika kanga yake mpya, akalitundika kwenye boriti lisiguse kitu. Watoto wa jirani aliwakataza kuingia na chochote chenye ncha, hata sindano. Lakini mpira ni mpira. Kiangazi cha Iringa kiliutia nyufa ndogondogo, na kila mchana alisimama juu ya kigoda, akalowesha kidole kwa mate, akapaka kwenye valvu, akatazama kama povu litavimba.

Siku moja alitazama kwa muda mrefu.

"Linatoa?" Yunusu aliuliza. Neno moja ndilo alilolimudu siku zile.

"Halitoi, mume wangu. Limekaza."

Akashuka, akafuta kidole kwenye gauni, asimtazame. Yunusu hakuhitaji kuliona lile povu; lilipopasuka, kitu kilipungua chini ya ubavu wake wa kushoto, kidogo tu, kama tone. Akalala, akisikia povu la pili likianza kuvimba.