Shangazi Haulizi Mara Mbili

Kabla watu wa Singida hawajafumbua macho, vitonezi vyao huwa vimeshaamka. Kitonezi ni kidude kisichozidi punje ya mtama, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono, juu kidogo ya kiwiko. Kinaionja damu, kinapima lehemu, yaani yale mafuta yanayoganda mishipani mpaka moyo ukakosa njia, kisha kinadondosha dawa kwa kiasi kile kile ambacho mwili unahitaji. Hakuna kumeza vidonge, hakuna kusahau. Tangu kianze kutumika jijini, habari za mtu mzima kuanguka ghafla huku kijiko kikiwa mkononi zilibaki kuwa hadithi za bibi. Kidude cha maana, usikidharau.

Ila kidude chenyewe hakina mdomo. Mdomo wake alikuwa Shangazi. Serikali ilimwita Mfumo wa Uangalizi wa Damu, jina ambalo hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulitamka, basi watu wakambatiza Shangazi kwa sababu kila asubuhi sauti yake ilitoka ukutani kumjulia hali kila mmoja nyumbani kwake.

"Habari za kuamka, Injinia Tabitha? Mwili unasemaje leo?"

"Salama tu, Shangazi," akajibu Tabitha Mghenyi, huku ameng'ang'ania ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, maana mapaja yalikuwa yamegoma kumwinua.

"Nafurahi kusikia. Naona dalili za misuli iliyochoka kwenye damu yako. Jana ulifanya kazi nzito?"

"Kazi ndiyo maisha yetu."

"Hongera kwa kazi. Dawa inaendelea kama kawaida. Siku njema."

Salama! Mtu anavaa suruali akiwa amekaa sakafuni kama mtoto wa chekechea, halafu anaiambia mashine salama. Lakini ungemuuliza Tabitha mwenyewe angekushangaa. Ulitaka ajibu nini? Mtu akikujulia hali unaanza na salama, hata kama nyumba inaungua. Ya moyoni yanafuata baadaye, mwenzako akisogeza kiti na kukuuliza tena. Ndivyo alivyolelewa, na wewe ndivyo ulivyolelewa. Tatizo ni kwamba Shangazi hakuwa na kiti cha kusogeza. Alikuwa anauliza mara moja, anashukuru, anahamia nyumba ya pili.

Maumivu yalianza masika. Kwanza mapajani, kisha mabegani, maumivu mazito ya mtu aliyetwanga kutwa nzima ilhali hajashika mchi. Tabitha akanunua mafuta ya kuchua. Akajikanda kwa taulo la moto. Akajifunza kupanda ngazi za ofisini kwa kuanza na mguu wa kushoto, ule wenye nafuu, na wenzake wakipita alijifanya anafunga viatu. Alikuwa anakufa na tai shingoni, basi.

Na kazi yake haikuwa ya kufungafunga viatu. Alikuwa injinia mkuu wa minara ya upepo iliyozunguka jiji, ile inayowasha taa kuanzia Manyoni mpaka Iramba. Matengenezo ya mapanga yanayozungushwa na upepo yalifanywa na buibui-chuma, roboti wenye miguu minane wanaotambaa juu huko bila kizunguzungu. Hata hivyo minara ilikuwa na sheria yake: anayewaamuru buibui lazima kila mwaka apande ngazi ya mnara kwa miguu yake mwenyewe hadi kileleni, kwa sababu siku roboti akikwama na upepo umechachamaa, atakayekwenda ni binadamu. Ukishindwa, unapewa ofisi yenye zulia, na minara anapewa mwingine. Tabitha alikuwa ameipenda minara ile kuliko alivyompenda mwanamume yeyote, na hilo hakulificha.

Mwaka ule alipanda akiwa na Kiula, fundi wake, mtu wa utani asiyejua kunyamaza, aliyemfuata ngazi chache chini. Walipofika katikati Tabitha akasimama.

"Mama, kuna simba huko juu?" akauliza Kiula.

"Nakagua bolti."

"Bolti gani hiyo unayoikagua kwa kutetemeka magoti?"

Tabitha alijaribu kuinua mguu wa kulia, ukainuka nusu, ukarudi. Akajaribu tena, akauma midomo, akavuta kwa mikono mpaka mabega yakawaka moto. Juu kulikuwa mbali. Machozi yalimtoka, ya hasira tupu, na Kiula alipoyaona yakidondoka aliacha utani wote.

"Tushuke, mama. Kuna awamu ya marudio mwezi wa kumi na moja. Tushuke taratibu."

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Dakta Zuhura Shumbi, mwanamke mfupi asiye na subira na watu wazima waongo. Dakta alimbonyeza paja kwa kidole kimoja. Tabitha aliruka.

"Imeanza lini hii?"

"Masika."

"Masika! Mbona Shangazi anasema hujaumwa hata siku moja?"

Tabitha akatazama viatu vyake.

Dakta Zuhura akavuta kiti. Alimweleza kwamba dawa ya lehemu, pamoja na wema wake wote, huwaumiza misuli baadhi ya watu. Kitonezi huona dalili kwenye damu, lakini mtu aliyebeba magunia jana naye huwa na dalili zile zile. Kinachotofautisha ni neno la mwenye mwili.

"Waliomtengeneza Shangazi ni vijana wetu wa Dodoma, wenye adabu zao. Wakaweka kanuni kwamba mashine isimbishie mtu kuhusu mwili wake mwenyewe. Ukisema salama, neno lako linashinda kipimo, na lehemu ikipanda dawa inaongezwa. Ingetengenezwa na watu wasiotujua, labda isingetuamini."

"Kwa hiyo nimejiumiza mwenyewe kwa mdomo wangu?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Hujaanza wewe."

"Tuko wangapi?"

"Sijui," akasema Dakta. "Wote wako salama."

Kisha akauliza swali ambalo wagonjwa wengi hulitaka: je, kitonezi kitolewe? Tabitha akatikisa kichwa kabla swali halijaisha. Kaka yake Njiku alikataa kupandikizwa kitonezi, akisema mwili wake si redio. Alianguka kwenye harusi ya bintiye, keki haijakatwa. Tabitha ndiye aliyemfumba macho.

"Dakta, mimi nataka moyo na nataka miguu. Sichagui."

"Basi hutachagua. Tunaisimamisha dawa kwanza, misuli itulie. Halafu nakupa nyingine, kwa kiasi kidogo, tunapanda polepole. Ila mkojo ukiwa na rangi ya chai, usimsubiri Shangazi, njoo mbio. Na kila asubuhi unasema kweli."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko dawa. Asubuhi ya kwanza Tabitha alisema salama kabla hajajijua, ikabidi amwite Shangazi arudi, uso ukimwaka kwa aibu, kana kwamba amekojoa barazani kwa watu. "Paja la kulia linauma," akasema. "La kushoto limepoa kidogo." Shangazi alimpa pole, akauliza linauma vipi, linauma likiwa limenyooka au limekunjwa. Kumbe alijua kuuliza vizuri sana, mradi umfungulie mlango.

Maumivu yaliondoka jinsi wageni wetu wanavyoondoka, kwa kuaga na kukaa tena. Dawa mpya ikaanza. Tabitha alitembea jioni kuzunguka ziwa, leo mpaka kwenye mawe, keshokutwa kuyapita. Siku iliyomshinda alirudi nyumbani akitukana peke yake, na kesho yake akavaa viatu tena.

Mwezi wa kumi na moja alipanda. Kiula alimfuata nyuma akimwimbia nyimbo za harusi, na miguu ikakubali, ngazi kwa ngazi. Karibu na kilele alisimama kupumua, akaegemeza kiganja juu ya paja. Mkao ule akautambua. Aliwahi kumwona mtu mwingine amesimama hivyo hivyo, kwenye ngazi hizi hizi.

Mzee Nkuwi. Aliyemfundisha minara. Aliyeacha kazi ghafla akasema uzee umebisha hodi, na sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ilhali baba yake mzazi alilima mpaka anazikwa.

Tabitha aligusa kilele, akashuka, akaenda kwa mzee na grisi mikononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Salama kabisa."

"Na miguu?"

"Aah, uzee tu huo."

Tabitha akasogeza kigoda, akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Baba, uzee sijakuuliza. Nakuuliza miguu."

Mzee alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alitazama dirisha. Alimtazama Tabitha, akaona hatainuka.

"Inauma," akasema. "Inauma mno, mwanangu. Miaka yote hii. Niliona haya, nyie vijana mlikuwa mnanitazama mimi."

"Pole sana, Mzee Nkuwi," sauti ikasema kutoka ukutani. "Nimesikia. Nimesimamisha dawa, na daktari amejulishwa."

Mzee akageuza shingo polepole.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Kila asubuhi, Mzee. Ulisema salama, nikaongeza dawa."

Mzee Nkuwi akajifunika uso kwa viganja vilivyopanda minara yote ya Singida, mabega yakaanza kutikisika. Tabitha hakumwambia anyamaze.