Kiti cha Mwenye Nyumba

Wenzake walimwita Mama Kufuli, kwa sababu mkekani pake hapakukosa makufuli yasiyo na funguo, na cha ajabu yalinunuliwa. Jumatatu alikuwa kwenye gulio la njia panda, Jumatano la darajani, Jumamosi la kule lami inakokomea. Jimbo lile ni kubwa. Kati ya gulio na gulio unaendesha nusu siku, huoni ila nguzo za umeme na mbuzi. Ndani ya pikapu alikuwa na binti yake wa miaka saba, mwana wa pekee, mdomo haufungi hata akila. Kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto kilimpanda mwenzake, na mama alipenda kukibusu.

Wauza vikuukuu wana mwiko mmoja. Ukinunua vyombo vya nyumba ya marehemu, beba vyote, ila acha kiti kimoja, maana mwenye nyumba naye anahitaji pa kukaa. Mama Kufuli hakuwahi kuuvunja hadi asubuhi alipohamisha vitu vya bibi mmoja aliyefia peke yake kando ya barabara ya vumbi. Kiti cha kuachwa kilikuwa kizuri, cha mbao ngumu, chenye mikono. Akasema moyoni kitamfaa mtoto gulioni, akakipakia.

Gulioni mtoto akakikalia. Wateja walikuja, wakasita, wakapita. Saa saba mchana jirani yake wa mkeka, mzee fundi redio, alimwinamia sikioni.

"Dada, huyo bibi aliyempakata mwanao ni nani?"

Mama Kufuli akageuka. Alimwona binti yake tu, ametulia tuli, mikono imeng'ang'ania kiti. Alipomshika shavu lilikuwa la baridi, na jua linawaka.

Fundi hakuhitaji kuelezwa. Alimwambia akirudishe kiti palepale kilipokuwa, na mtoto akiwa juu yake. "Ukifika, mwache ainuke mwenyewe," alinong'ona. "Hata akikawia. Usimvute."

Wakakifunga kiti kwa kamba nyuma ya pikapu. Mama akaendesha huku akilia, akiomba, akijilaani kwa tamaa yake. Alitazama kioo. Nywele za mtoto, zilizokuwa timtim asubuhi, zilikuwa na msuko mmoja. Nguzo zikapita. Akatazama tena. Misuko mitatu. Hapakuwa na mtu nyuma ya kiti. Akakanyaga mafuta. Akatazama. Kichwa kizima kilikuwa kimesukwa, mtindo wa zamani, kama wa picha za bibi zetu.

Alifika. Alibeba kiti na mtoto wake, sijui kwa nguvu gani, akakiweka karibu na dirisha, juu ya alama nne za miguu ya kiti sakafuni. Akapiga magoti, akasubiri. Mtoto hakuinuka. Midomo ilianza kuwa ya kijivu. Pumzi ikawa moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Ni mama gani angesubiri? Alimshika kwapani, akamvuta kwa nguvu zake zote.

Mtoto akafumbua macho, akatabasamu. Mama akamkumbatia, akakimbia naye hadi kwenye gari.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za shukrani. Kweli, binti alikuwa mkimya. Alitembea polepole, akakaa na mikono mapajani. Mama alisema ni uchovu, naye alijua kwamba anajidanganya. Siku ya tatu, wakielekea gulioni, walifika kwenye nyumba ile, na mguu wake ukakanyaga breki bila yeye kutaka. Aliingia peke yake.

Kiti kilikuwa pale pale. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni, na juu ya vumbi palikuwa na nyayo ndogo, mbichi. Zilikwenda mlangoni zikarudi. Zilikwenda dirishani zikarudi. Zilizunguka kiti, tena na tena. Mama akainama. Katika kila unyayo wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake.

Akaanguka kifudifudi, akaita jina la binti yake hadi sauti ikamkauka. Alipapasa kila pembe ya chumba kile kitupu. Hakuna kilichomgusa. Kiti tu ndicho kilichokuwa na joto.

Nje, ndani ya pikapu, honi ililia mara moja, kwa upole.

"Twende, mwanangu," sauti ya binti yake ilimwita. "Huyo atazoea."