Pampu Iliyonyamazishwa Nyumbani Kwangu

Nina umri wa miaka sabini na mbili. Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma, mume wa mke mmoja, na mkazi wa Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kazini nilikuwa afisa usafirishaji. Hakuna gari la ofisi lililopelekwa gereji kabla mimi sijathibitisha ubovu wake. Nayaeleza haya si kwa majigambo, bali ili msomaji aelewe ni mtu wa namna gani aliyefanywa mjinga ndani ya ua wake mwenyewe!

Ninayo pikapu kuukuu ya petroli. Ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza, kabla ya kupiga stata, pampu iliyomo ndani ya tangi hulia kidogo... mmmm... kisha hunyamaza. Ni ishara kwamba mafuta yanapanda kwenda kwenye injini. Mlio ule niliuzoea kama kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Baada ya Krismasi, watoto walipokwisha kurudi mijini kwao, mlio ule ulianza kupotea.

Si kila siku! Asubuhi za jua gari liliwaka bila shida. Lakini ukungu ukishuka, au jioni nikitaka kuteremka sokoni Kiboriloni, nazungusha ufunguo... kimya. Stata inazunguka kwa nguvu, betri ni nzima, petroli imo, injini haishiki.

Nilifanya uchunguzi kwa utaratibu, kama nilivyofunzwa. Fyuzi ya pampu ilikuwa nzima. Nikalegeza bomba linaloingiza mafuta kwenye injini, nikamwomba mke wangu, Mama Anaeli, akae kwenye usukani apige stata. Hata tone halikutoka! Kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye plagi. Mafuta hayakuwa yakiondoka kwenye tangi. Mke wangu alipiga stata kwa utii kila nilipomwambia, akinitazama kupitia kioo.

Nilimwita Fundi Rama kutoka Njoro. Alipanda mlima asubuhi iliyofuata, akaniamkia, akaketi kwenye usukani... gari likawaka mara moja!

"Mzee, gari lako lina adabu," akasema akicheka. "Likiona mgeni linasimama kusalimia."

Nilimjibu kwamba sikumwita kwa mizaha. Akabadilisha chujio. Akamwaga petroli yote akitafuta maji. Hatimaye akafunga pampu mpya kabisa. Ukungu uliposhuka tena, kimya kikarudi.

Hapo hofu ikaniingia. Ndugu wasomaji, gari haliwezi kuwa zima mbele ya fundi na bovu mbele ya mwenyewe, isipokuwa kuna mkono wa mtu! Nani alikuwa akiingia uani kwangu? Na kama leo anagusa mafuta, kesho hatagusa breki, nami nateremka makona yale yenye mabonde pande zote?

Nilianza kulala kwa mang'amung'amu. Nikisikia jani la mgomba limeanguka, nainuka kuchungulia dirishani. Nilimshuku jirani yangu, Baba Ndeshi, ambaye tulikuwa tumekosana juu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Nikaacha kuitikia salamu zake. Nilipomweleza mke wangu shaka yangu, aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya ndizi.

"Meku," akasema, maana ndivyo anavyoniita, mzee wake, "labda gari limechoka tu. Na wewe pumzika."

Kumbe!

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, yenye baridi, na ukungu mwepesi ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Kulikuwa na maziko upande wa chini, na kijiji kizima kilikuwa kimekwenda huko, hata vijana wa bodaboda. Mke wangu ana pumu, na baridi ile ilikuwa imeanza kumbana kifua, hivyo tulibaki nyumbani wawili tu.

Mchana ule pumzi zikamkataa. Nilimsikia akikoroma jikoni kama mtu anayezama majini. Nikamletea kichupa cha dawa ya kuvuta... kikatoa upepo mtupu! Midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Nikapiga simu huku na huko. Nani angepokea simu makaburini? Nikambeba mikononi mwangu, nikamweka kwenye kiti cha mbele.

Nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Mungu wangu! Nikapiga stata mpaka ikaanza kuchoka. Nikaruka nje, nikafungua boneti, nikaitazama fyuzi ile ile niliyoitazama mara nyingi. Nikalala matopeni, nikaligonga tangi kwa gongo, maana pampu iliyokwama wakati mwingine huamka ukiigonga. Nikagonga na kulia. Mimi, mzee mzima, nikaliomba tangi la petroli limwonee huruma mke wangu!

Nilipoinuka nilimwona ameinama mbele, kichwa kikielekea miguuni. Nikajua anakata roho. Nikafungua mlango nikipiga kelele, nimwinue. Akanisukuma. Mkono wake ulikuwa umezama chini ya dashibodi, upande wake, ukitafuta kitu gizani. Nikasikia *tak*.

Kisha nyuma yetu, ndani ya tangi... mmmm...

Tulitazamana. Hakuwa na pumzi ya kueleza, nami sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nikaingia kwenye usukani, gari likawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Mnadhani hofu yangu iliishia hapo? Ndiyo kwanza ilianza! Tulipoiacha barabara ya nyumbani, mbele yangu palikuwa peupe tupu. Nikawasha taa, nikafuta kioo kwa kiganja. Nilijiambia kwamba ni ukungu wa masika. Lakini ukungu wa mlimani hauingii ndani ya gari, ilhali hata vidole vyangu kwenye usukani vilikuwa kama vimefunikwa na maziwa.

Mke wangu aliweka mkono juu ya mkono wangu. Akinifinya, nakata kushoto. Akinigonga, nakata kulia. Ndivyo tulivyoteremka, mwenye macho akiwa hana pumzi, na mwenye pumzi akiwa hana macho!

Kwenye kona ya pili mkono wake ulilegea.

Gari likayumba, gurudumu la mbele likaning'inia juu ya mfereji, na chini yake nikasikia maji ya bondeni. Nikavuta handbreki. Sikuthubutu kwenda mbele wala nyuma. Nikaweka mkono kwenye honi na sikuuondoa.

Watu waliokuwa wakirudi kutoka mazikoni walikuja mbio. Wa kwanza kufungua mlango wangu, akiwa bado na suti yake ya msibani, alikuwa Baba Ndeshi.

"Mangi, sogea," akasema, akiniita kwa jina la heshima la Kichagga. "Tutagombana kesho."

Wenzake wakalisukuma gari, naye akatufikisha hospitali mjini. Mke wangu akawekewa hewa. Daktari akaniambia tungechelewa kidogo tu, tungezungumza habari nyingine.

Mwanangu Anaeli alifika kutoka Arusha jioni. Nikamuuliza, pale pale kwenye benchi la wodi, ile swichi aliyoiwasha mama yake chini ya dashibodi ni ya nani. Akainama. Akasema ni yao wote. Siku ya Krismasi, nilipokwenda kumchukua mbuzi, walifanya kikao. Walikuwa wameona nilivyogonga nguzo ya lango la kanisa na kuilaumu nguzo. Wakaamua ifungwe swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu, na mama yao awe anaizima ukungu ukishuka au jua likielekea kuzama, kisha aiwashe fundi akija.

"Nani angeweza kukuambia, Baba?" akasema. "Kila tukitaja macho, unasimama na kuondoka mezani."

Ndugu wasomaji, kazini kwangu hata dereva mlevi hakusimamishwa bila kuitwa ajieleze! Mimi nilihukumiwa na damu yangu, katika nyumba yangu, nikiwa nimekwenda kuwatafutia nyama. Na mke wangu alinitazama nikitetemeka kwa kumwogopa jirani asiye na kosa, akanyamaza. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Anaeli aliniletea jani la sale, lile ambalo sisi Wachagga hatuwezi kulikataa mtu akiombea msamaha. Nikalipokea. Jingine nilichuma mwenyewe, nikampelekea Baba Ndeshi.

Mke wangu aliporejea nyumbani nilimwita Fundi Rama, akaing'oa swichi ile mbele ya macho ya wote. Kisha Mama Anaeli akanijia, akasimama mbele yangu, sauti yake ikiwa bado nyembamba.

"Meku," akasema, "macho yako hayaoni tena. Naomba ufunguo."

Nikaukabidhi. Sikubisha hata kidogo! Ni maneno hayo tu niliyonyimwa tangu Krismasi.

Nawasihi ninyi mlio vijana: mzee wenu akikosea barabara, mwambieni usoni, hata akinuna. Heshima inayoficha ukweli karibu inifanye mgane. Na ninyi wazee wenzangu, msisimame mezani mnapoambiwa. Kaeni. Sikilizeni mpaka mwisho, msije mkalala matopeni mkigonga tangi lisilo na ubovu wowote, huku mtu wenu akiishiwa pumzi.