Utani Wangu Kwenye Oveni Ulimfukuza Dada Bhoke

Ndugu wasomaji, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Tarime. Shuleni wananijua kwa mambo mawili: kuchekesha, na kuchapwa kwa sababu ya kuchekesha. Leo sichekeshi. Nikiteleza nisameheni... mdomo umezoea.

Mama yangu anaoka keki za harusi. Oveni yake ya umeme ni ya zamani, namba za kwenye swichi ya joto zilishafutika kwa kusuguliwa. Kwa hiyo mama aliweka tone la rangi nyekundu ya kucha pale penye joto la keki. Unazungusha swichi mpaka tone likutane na mstari, basi! Elimu yote ilikuwa hiyo.

Aliyekuwa akifundishwa kazi ni dada Bhoke, binti wa marehemu mama mkubwa, aliyetoka Gorong'a kuja kuishi kwetu. Aliipenda kazi ile jamani! Mama alimwahidi kwamba akioka keki ya harusi peke yake ikakubalika, wateja wote wa Sirari watakuwa wake.

Lakini Bhoke naye alikuwa na mdomo. Siku moja nilipika chapati, akaita majirani waje kuziona. "Mura," yaani kijana kwa Kikurya chetu, "hizi ni chapati au ngozi ya ng'ombe wa mahari?" Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mimi, mfalme wa utani, kuchekwa nyumbani kwangu! Nikaapa kulipiza.

Nikalifuta lile tone, nikaweka jingine vidole viwili pembeni. Nilitaka keki moja tu iungue, tucheke, nimwambie, yaishe.

Hayakuisha.

Keki iliyoungua ndiyo ile ya harusi, ile ya mtihani wake... sikujua! Nje makaa, ndani uji. Mama akaoka nyingine kwa mikono yake mwenyewe. Makaa! Na bodaboda wa bwana harusi ameshafika mlangoni kuichukua. Maharusi wakakata mkate wa dukani mbele ya wageni. Hebu niambieni, hapo wewe ungefungua mdomo?

Mimi niliufungua, lakini kwa kutania. Nikamwita Bhoke "Mama Mkaa". Nyumba nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu akaja fundi Salimu, mtu wa Tanga, mpole kama maji ya mtungini. Akafungua mgongo wa oveni, akapima koili ya juu, akapima ya chini, akanusa nyaya. "Mama yangu, koili zote nzima. Joto linazidi tu. Pengine maji yameingia kwenye kipima joto. Kwani nani huisafisha?"

Macho yote yakaenda kwa Bhoke.

"Mama mdogo, sijamwaga maji humo. Naapa kwa kaburi la mama." Mama akamjibu kwamba oveni haiwezi kujiharibu yenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua tatu tu... nikanyamaza. Kesho yake Bhoke akarudishwa Gorong'a na begi lake moja.

Siku hiyohiyo nikalirudisha tone mahali pake, nikidhani natengeneza. Kumbe naharibu zaidi! Keki zikaanza kutoka laini, zimeiva sawasawa. Jirani yetu Mama Gati akapiga makofi: "Mnaona? Ameondoka tu, oveni imepona! Yule binti ana mkono mbaya." Neno likatembea sokoni. Haukupita mwezi, nikasikia mwenye mgahawa mmoja amemkataa Bhoke jikoni kwake kwa sababu ya huo mkono.

Hapo ugali ukanishinda. Mimi, ninayemaliza sahani za watu wawili! Nikamweleza mama kila kitu. Akacheka! "Mwita, nitokee hapa na vituko vyako." Nikalia. Akacheka zaidi, akidhani naigiza. Ikabidi nilihamishe tone mbele ya macho yake, nioke keki tena. Ilipotoka nyeusi, mama aliketi sakafuni. Hakunichapa. Bora angenichapa!

Tukaenda Gorong'a. Bhoke alikuwa shambani anapalilia mihogo. "Shikamoo, mama mdogo," akasema, akatupikia, akatunawisha mikono. Mama akamwomba radhi, akamwambia wateja wa Sirari bado ni wake. Mimi nikapiga magoti. Akaniinua. "Mura, inuka, wewe nimekusamehe." Kisha akamgeukia mama.

"Lakini mama mdogo, oveni ilipoharibika uliiitia fundi. Mimi hukuniuliza hata mara ya pili. Kwako sirudi."

Tulirudi Tarime wawili tu.

Siku hizi kila Jumamosi napita mlango kwa mlango nikisema ukweli, na nilianzia kwa Mama Gati. Wananisikiliza, halafu wanagongeana viganja: "Mwita bwana, hukosi jipya!"

Vijana wenzangu, mzaha wako ukiharibu kitu, sema palepale, kabla fundi hajaitwa, kabla mtu hajanyooshewa kidole. Fimbo inauma kidogo inaisha. Hili langu haliishi...

Na nyie wasomaji wa huku kwetu, nawapigia magoti. Mkimsikia mtu anasema Bhoke wa Gorong'a ana mkono mbaya, mwambieni ni uongo. Mwambieni nyie. Nikisema mimi, wanacheka.