Maparachichi ya Kisiba

Kila asubuhi Bupe alikunywa chai ya rangi vikombe viwili, kisha akaenda chuoni. Chai ya Tukuyu ni kali, inaua njaa. Mchana hakula. Jioni alinunua chipsi, au alisonga ugali akala na kabichi ya kuchemsha kwa chumvi. Akateremshia na chai tena. Ndivyo alivyoishi, na sasa alikuwa mwaka wa pili.

Si kwamba chakula hakikuwepo. Hapo ndipo panapouma. Kila baada ya wiki mbili mama yake alimtumia kiroba kwa bodaboda kutoka kijijini kwao, Kisiba. Ndani mlikuwa na ndizi, maharage, karanga na maparachichi makubwa ya kienyeji.

"He, Bupe! Umehamishiwa shamba zima?" wenzake walimcheka.

Basi akaona aibu. Maharage na karanga aliuza, apate hela ya chipsi. Ndizi aligawa. Maparachichi alimpa mama mwenye nyumba, Mama Aika, awalishie nguruwe wake. Kwao Bupe, parachichi la kisasa, la hass, ni la kuuza, na la kienyeji likidondoka ni la nguruwe. Nani angeliita chakula cha msomi?

Nguruwe wa Mama Aika walinenepa. Bupe alikwisha, hadi sketi akawa anaifunga kwa pini.

Mwezi wa tatu mama yake alilazwa hospitali ya Tukuyu. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Damu ilikuwa imemtoka miezi mingi, naye alinyamaza, asimpe mwanawe wasiwasi. Ilibidi apasuliwe haraka, na ndugu waliombwa wachangie damu.

"Mimi nitatoa," alisema Bupe. "Mimi ndiye mwanawe."

Nesi wa damu aliitwa Mwanaamina, mama wa makamo aliyehamishiwa huko kutoka Tanga. Alimpandisha Bupe kwenye mizani. Akamshusha, akampandisha tena.

"Kilo arobaini na tatu. Haiwezekani, mwanangu. Anayetoa damu anatakiwa afike hamsini."

"Nitoe hata kidogo tu, nesi. Nakuomba!"

"Hata kidogo. Nikikutoa wewe, nitakuwa na wagonjwa wawili."

Mjomba wake, Jotham, alitoa chupa moja. Nyingine zikaagizwa kutoka mbali. Bupe alikaa kitandani kwa mama yake.

"Kiroba kilifika?" mama aliuliza.

"Kilifika, mama."

"Maparachichi yalikuwa matamu?"

"Matamu sana, mama."

"Ndaga," alisema mama, yaani asante kwa Kinyakyusa. Akafumba macho, ametabasamu. Hakuzungumza tena na mwanawe.

Alifariki kesho yake kabla hajapasuliwa, damu ikiwa bado njiani. Daktari alisema alikuja amechelewa, na pengine hata chupa ya Bupe isingemwokoa. Pengine. Walipomzika Kisiba, Bupe alirudi Tukuyu na neno hilo, akalirudia kila alipotaka kulala.

Wiki mbili baada ya mazishi alikwenda kwa Mwanaamina.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Kaa."

"Nataka kunenepa. Kuna vidonge wanauza mtaani, nimeambiwa..."

"Wee! Usithubutu! Vile vinakuvimbisha uso na kuharibu mwili. Kwanza tukupime."

Alipimwa kifua kikuu, minyoo na virusi vya Ukimwi. Hakuwa na ugonjwa wowote. Ila damu yake ilikuwa pungufu.

"Unakula nini?" nesi aliuliza.

Bupe alieleza yote, hata habari ya nguruwe. Machozi yalimtoka. Mwanaamina alishika kichwa.

"Jamani! Kumbe chakula ulikuwa nacho! Sasa nisikilize. Kula mara tano kwa siku, hata kama ni kidogo kidogo. Asubuhi pika uji, utie karanga za kusaga. Parachichi lina mafuta mazuri, kula nusu kwenye kila mlo, litakuongezea kilo. Maharage, mboga za majani na dagaa vinaongeza damu. Ukimaliza, kula chungwa."

"Na chai?"

"Chai usinywe na chakula. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa saa nzima kabla ya kula, au subiri saa nzima baada ya kula. Na usiitumie kuua njaa. Njaa inauawa na chakula."

Tangu hapo Bupe alikwenda Kisiba kila Jumamosi. Aliokota maparachichi chini ya mti wa mama yake, akachuma maharage ambayo mama aliyapanda. Wiki za mwanzo chakula kiligoma kushuka. Alikula akilia, lakini alikula.

"Na nguruwe wangu je?" Mama Aika aliuliza.

"Watafutie chao, mama. Hiki ni changu."

Wenzake walipomcheka, alizidi kutafuna. Baada ya mwezi mmoja alikuwa ameongeza kilo mbili. Akaacha kusinzia darasani. Pini ikatoka kwenye sketi. Baada ya miezi mitano alirudi kwa Mwanaamina, akapanda mizani mwenyewe.

"Hamsini na moja!" nesi alisema. Akampima damu. "Na damu ipo ya kutosha. Hongera, mwanangu."

"Basi nitoe."

Mwanaamina alimlaza, akamfunga mkono. Chupa ilipojaa alichukua kalamu.

"Una mgonjwa wodini? Tuandike ni ya nani?"

Bupe alitazama ile chupa. Ilikuwa bado ya moto.

"Sina mgonjwa," alisema. "Mpeni mama wa mtu."