Mjumbe Aliyenyimwa Neno

Ndugu zangu wa Rungwe, nanyi mnaosoma mkiwa mbali, nisikilizeni niwasimulie yaliyomkuta Ambindwile Mwakitalima, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa chai katika kijiji kimoja cha kata ya Kyimo. Jina la kijiji nalihifadhi, maana wenyewe wangali hai na jambo hili bado linawauma.

Ilikuwa miaka ya tisini, serikali ilipoanza kuyaachia mashirika yake yaende kwa wenye mitaji. Kijiji kilikuwa kimetulia. Asubuhi, ukungu ukipanda Mlima Rungwe, akina mama waliteremka na vikapu vya majani mabichi hadi kwenye banda la kupimia, wakaketi nyasini wakila ndizi za kuchoma na kutaniana, wakingoja lori la kiwanda. Na chai haina subira. Ikichumwa leo ifike kiwandani leo. Ikikaa kikapuni hupata joto, hugeuka nyekundu, ikawa takataka.

Shida ilikuwa moja: mizani ya banda lile iliguswa na mtu mmoja tu. Ambindwile alipima mwenyewe, akaandika mwenyewe, akaenda Tukuyu kufuata mbolea mwenyewe. Siku akiwa msibani, watu walingoja mpaka atoke makaburini. Makamu wake alikuwepo, mama mmoja aitwaye Esnath, aliyekuwa karani wa shirika la umma Mbeya hadi alipopunguzwa kazini. Alikuwa na akili na hati nzuri, lakini mbele ya Ambindwile kazi yake ilikuwa kukaa tu.

"Baba Lugano, unajiua," mkewe Atuganile alimwambia jioni moja akimkanda miguu iliyovimba. "Mpe Esnath mizani hata siku mbili kwa wiki."

"Akikosea, nani atalaumiwa?"

"Na wewe ukianguka?"

Ambindwile alivuta daftari la vipimo, akaanza kujumlisha. Msidhani alikuwa mwizi au mpenda sifa, la. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kwamba kazi ikitoka mkononi mwake itaharibika. Watu wa namna hiyo tunawasifu kwenye mikutano, kumbe wanatumaliza na wanajimaliza.

Siku moja ikaja barua ya kiwanda. Wenye kiwanda wapya walikuwa wanapanga upya njia za malori. Kila chama kilitakiwa kupeleka mjumbe Tukuyu siku ya Alhamisi, akachague zamu ya asubuhi au ya alasiri, na uamuzi ungepitishwa hapohapo. Ambindwile aliamka Alhamisi hiyo akashindwa kukanyaga chini. Mguu wa kulia ulikuwa kama mgomba. Ikabidi amwite Esnath.

"Nenda," alimwambia kutoka kitandani. "Sikiliza, andika, urudi unieleze. Usikubali kitu, wala usikatae kitu."

"Na wakiniuliza, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Waambie mwenyekiti atajibu."

Esnath akachukua barua ya kiwanda, akaenda zake.

Alirudi jua likizama, ameloa chapachapa, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Wamegawa zamu," alisema. "Kila mjumbe alisimama akasema chake. Zamu yangu ilipofika nikasema mwenyekiti atajibu. Afisa usafirishaji, Faraji, akaniuliza, 'Mama, wewe ni mjumbe au ni bahasha?' Watu wakacheka. Lakini alinivumilia, akanipa mpaka saa tisa. Saa tisa nikasimama tena, nikasema vilevile. Malori ni machache, tata. Nafasi yetu wamepewa wengine mpaka msimu ujao."

Ambindwile alijiinua kwa viwiko. "Si ungesema asubuhi! Kila mtu hapa anajua sisi tunachuma alfajiri! Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Uliniambia nisikubali kitu."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Atuganile aliacha kukoroga chungu, akamtazama mumewe, naye akageuza uso ukutani.

Kuanzia wiki hiyo lori halikupita tena. Walilazimika kubeba vikapu hadi kituo cha kijiji cha pili, mwendo wa saa moja na nusu, njia yote utelezi na makorongo. Mara nyingi walifika majani yakiwa yameshawaka joto, wakarudishiwa, wakayamwaga kando ya barabara. Nsajigwa, jirani yao, alingoja mwezi mmoja, kisha akashika jembe akang'oa chai iliyopandwa na baba yake, akaweka migomba. Wengine wakamfuata.

Na lawama zikamwangukia nani? Esnath. Kisimani wanawake walimpisha bila salamu. Kanisani alikaa benchi peke yake. "Alipewa nafasi ya kusema akawa bubu," walisema. Ambindwile alisikia yote. Alijua ukweli, akanyamaza. Alijiambia atasema mguu ukipona. Mguu ukapona, akajiambia atasema watu wakitulia. Ndugu zangu, kukosea ni jambo moja, kumwachia mwenzako alibebe kosa lako ni jambo jingine.

Asubuhi moja ya Juni yenye baridi kali, Atuganile aliteleza kwenye mteremko akiwa na kikapu. Waliomleta nyumbani walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Esnath. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja.

"Pole, juba, pole mama," Esnath alikuwa akirudiarudia, akimfuta matope usoni. Kwa Ambindwile hakusema neno. Hata jicho la hasira hakumpa, na hilo ndilo lililomchoma.

Jumapili iliyofuata Ambindwile aliitisha mkutano wa chama. Alisimama mbele ya watu, sauti ikiwa chini.

"Esnath hakukosea," alisema. "Alitii nilivyomwagiza. Nilituma masikio, mdomo nikaubakiza kitandani kwangu. Miezi minne mnamtukana mtu asiye na kosa, nami nasikiliza. Mnisamehe. Yeye hasa anisamehe."

Watu waliguna. Mzee mmoja alitema mate chini akaondoka. Esnath akasimama.

"Kurudi Tukuyu nitarudi," alisema. "Lakini siendi tena kama bahasha. Niambieni hapa, mbele ya wote, lipi naweza kulikubali bila kurudi kuuliza."

Walibishana hadi mchana, mwishowe wakamwambia: lazima iwe asubuhi, siku ngapi aamue mwenyewe. Akaenda, akarudi na jibu: msimu mpya ukianza, lori lingepita Jumatatu na Alhamisi tu, asubuhi. Angekwenda Ambindwile, angedai siku nne. Lakini hakumsahihisha.

"Ndaga, juba, asante mama," alisema. "Na mizani ni yako."

Migomba ya Nsajigwa haikung'olewa. Chai huchukua miaka kukua, na watu hawana miaka ya kuchezea. Mkono wa Atuganile uliunga umepinda. Jumatatu lori liliporudi, Ambindwile alikuwa shambani, akichuma mstari wake na wa mkewe.

FUNZO

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi naongeza: mjumbe asiyepewa neno huwaua waliomtuma. Wewe mwenyekiti, mkuu wa idara, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, ukimtuma mtu mpe kazi pamoja na madaraka yake, umwonyeshe mipaka mbele ya watu, kisha umwache aamue. Akifuata agizo lako mambo yakaharibika, simama uliseme kosa kuwa lako siku hiyohiyo. Kukasimu madaraka si kujivua ukubwa. Anayeng'ang'ania kila kitu kwa mkono wake mmoja, mwisho mkono utakaovunjika huenda usiwe wake.